Nairobi hadi Mombasa ni dakika 45. Za nani?

Ukiingia Google sasa hivi uulize Nairobi hadi Mombasa ni mbali kiasi gani kwa ndege, utajibiwa mara moja: kama kilomita 440 mji kwa mji, au 420 hivi ukipima uwanja kwa uwanja. Muda wa kuwa hewani ni dakika 45 au zaidi kidogo. Kwenye tiketi wataandika saa nzima, ndio wajipe nafasi ya kuzungukazunguka kwenye lami. Umejibiwa, funga simu ulale.

Mimi nina shida na hilo jibu. Si ati ni uongo. Hesabu iko sawa kabisa. Shida ni kwamba hizo dakika 45 kuna watu zinawahusu na kuna watu haziwahusu, na hiyo sehemu hakuna mahali imeandikwa.

Wacha niwaambie ilivyonipata.

Miaka miwili iliyopita mama alinipigia saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa Mombasa, ameteremka wiki moja kabla kumuuguza mamake. Sikuhitaji aongee sana. Mzazi akipiga simu saa hizo unajua tu. Nyanya alikuwa ameaga usiku. Sasa, Nyanya alikuwa Mwislamu, na kama una jamaa Waislamu unaelewa kwamba maiti hailazwi bila sababu. Hakuna kamati ya matanga, hakuna wiki mbili za mochari. Mama akaniambia, "Tunamzika leo, baada ya swala ya alasiri. Utafika?"

Alasiri huko pwani ni karibu saa kumi. Nilikuwa na masaa kumi na kitu.

Nikatafuta ndege kwanza. Viti vilikuwepo, lakini tiketi ya siku hiyo hiyo ilikuwa imezidi kodi yangu ya mwezi. Nikatafuta treni ya asubuhi. Imejaa. Nikakimbia mjini nikapata basi la saa moja. Dereva akatuhakikishia tutakuwa Mombasa saa tisa. Nikasema sawa, nitafika na jasho lakini nitafika. Tulipopita Mtito Andei basi likaanza kutoa moshi, na tukakaa chini ya mti masaa mawili na nusu tukimwangalia utingo akimwaga maji kwenye injini. Juu yetu, manze, ndege ikapita. Sijui ilikuwa inaenda wapi, lakini niliichukia.

Nilifika nyumbani kwa Nyanya saa kumi na mbili jioni. Wanaume wamekaa kwenye mikeka nje, wanakunywa kahawa chungu. Mjomba akainuka akanishika mkono akaniambia, "Pole, mjomba. Tushamsitiri."

Usiku huo nikiwa nimelala sebuleni ndipo nilipouliza simu umbali. Dakika 45. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya hii safari, na kuna kitu nimekigundua ambacho sikufundishwa shuleni. Ebu twende polepole.

Mwezi mzima kwa miguu

Kabla ya mwaka 1899 hakukuwa na Nairobi ya kwenda. Kulikuwa na kinamasi na mto wa maji baridi ambao Wamaasai waliuita Enkare Nairobi. Lakini njia ya kutoka bara hadi pwani ilikuwepo kitambo, na aliyeichonga hakuwa Mzungu.

Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara Wakamba walikuwa wakiteremka na pembe za ndovu hadi pwani, wakirudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Mmoja wao aliyevuma sana ni Kivoi wa Kitui. Wengi husema hata jina la mji wa Voi limetokana na lake. Mwaka 1849 Kivoi alimpokea mmishonari Mjerumani aliyekuwa akiishi Rabai, Johann Ludwig Krapf, na ni katika safari hiyo Krapf aliuona Mlima Kenya. Kitabu cha shule kitakwambia Mzungu ndiye wa kwanza kuuona. Mwenyeji wake sijui alikuwa anaangalia wapi miaka hiyo yote.

Sasa piga hesabu. Msafara wenye mizigo ulitembea kama kilomita 15 hadi 20 kwa siku, kila mpagazi akiwa na kama kilo 30 kichwani au begani. Njia yenyewe, ukihesabu na kona zake, ni kama kilomita 500. Hiyo ni siku 25 hadi 33. Mwezi! Na katikati kuna nyika ya Taru, kavu kama ulimi wa mgonjwa. Huko kilomita hazikuwa na maana. Ulichohesabu ni kutoka maji haya hadi maji yale.

Msafara haukuwa na usawa, tusidanganyane. Mwenye mali hakubeba kitu, mpagazi alibeba kila kitu, na aliyeugua njiani angeweza kuachwa. Lakini kuna jambo moja nataka ulishike, kwa sababu tutalirudia. Tajiri na mpagazi wake walifika Mombasa siku moja. Pesa ilikununulia mtu wa kukubebea, haikukununulia siku.

Mwezi unageuka siku

Mwaka 1896 Waingereza walianza kutandika reli kutoka Mombasa. Waliwaleta wafanyakazi kama 32,000 kutoka India, na kama 2,500 kati yao walikufa kabla kazi kuisha. Malaria, kuhara, ajali. Wote tunakumbuka ile stori ya simba wa Tsavo wa mwaka 1898, simba dume wawili waliokula wafanyakazi wa daraja mpaka kazi ikasimama. Simba hao leo wamesimamishwa kwenye jumba la makumbusho la Field kule Chicago. Simba wetu wamesafiri mbali kuliko wengi wetu.

Reli ilifika kwenye kile kinamasi cha maji baridi Mei 1899. Wakaweka karakana na mahema, na hivyo ndivyo mji wetu ulivyozaliwa. Nairobi haikujengwa kwa sababu watu walitaka kuishi hapo. Ilijengwa kwa sababu treni ilihitaji pahali pa kupumzika kabla ya kupanda milima. Sisi wa Nairobi ni watoto wa kituo.

Ghafla safari ya mwezi ikawa ya siku moja hivi. Fikiria hicho kitu vizuri. Hakuna badiliko lingine kwenye hii barabara lililokaribia hilo. Kutoka treni hadi ndege umeokoa masaa. Kutoka miguu hadi treni watu waliokoa wiki nne.

Na treni ilikuwa na ubaguzi wake, tena wa wazi. Waafrika walirundikwa daraja la tatu, kwenye mabenchi ya mbao. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande shingoni ili aonekane yuko wapi na anamfanyia nani kazi, kwa hivyo hata kupanda hilo benchi hakukuwa huru. Mbele huko, Wazungu walikuwa na vyumba vya kulala, mashuka, na behewa la chakula lenye vijiko vya fedha.

Lakini angalia: kichwa cha treni kilikuwa kimoja. Bwana wa daraja la kwanza na kuli wa daraja la tatu waliingia stesheni ya Nairobi dakika ile ile. Huyu amelala, yule amekesha, lakini saa ya stesheni iliwasomea wakati mmoja. Pesa, na rangi ya ngozi, vilinunua starehe. Muda bado haukuwa unauzwa.

Nyanya mwenyewe alikuwa mtu wa hiyo treni. Mama anasema miaka ya 70 na 80 alikuwa akipanda kila Desemba kuja kutuona, kabla hata mimi sijazaliwa. Wanatoka Mombasa jioni, wanaingia Nairobi asubuhi, kama masaa 13 au 14 siku ikiwa njema. Daraja la tatu, ameketi wima usiku wote, kikapu cha maembe na achari katikati ya miguu asije akaibiwa. Alikuwa akisema hajawahi kulala kwenye treni hata mara moja, alikuwa akilinda maembe.

Ndege ndiyo iliyotutenganisha

Mwaka 1929 mwanamke mmoja Mwingereza, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya ndege Nairobi. Uwanja wa Wilson tunaopitia kwenda Lang'ata umepewa jina lake. Miaka ya 1930 ndege za Wilson Airways zilikuwa zikipeleka barua na abiria hadi pwani. Zilikuwa ndege ndogo za kasi ya kilomita 150 hadi 200 kwa saa, kwa hivyo Nairobi hadi Mombasa ilikuwa ni kama masaa mawili na nusu.

Hapo ndipo kitu kilivunjika. Kwa mara ya kwanza katika historia ya hii njia, watu wawili wangeweza kutoka Nairobi asubuhi moja, mmoja anakula chakula cha mchana akiangalia bahari na mwingine bado hajafika hata Kibwezi. Sasa si starehe peke yake. Pesa ilianza kununua saa zenyewe.

Halafu kuna Embakasi. Hii inaniuma kuliko zote. Uwanja tunaouita JKIA ulifunguliwa mwaka 1958, wakati nchi bado iko chini ya hali ya hatari. Sehemu kubwa ya kazi ya mikono, kuchimba, kubeba mawe, kusawazisha ardhi, ilifanywa na wafungwa wa Mau Mau. Watu waliotolewa mashambani mwao, wakanyimwa miaka yao, wakatumwa kutandaza uwanja ili watu wengine waokoe masaa. Uliza ni wangapi kati yao waliowahi kupanda ndege kutoka pale. Mwaka 1978 uwanja ukapewa jina la Jomo Kenyatta, ambaye naye alifungwa na Waingereza hao hao. Sijui kama kuna mlango pale wenye kumbukumbu ya wale wabeba mawe. Nimepita mara moja, nilikuwa namsindikiza mtu, na sikuuona.

Baada ya uhuru ndege zikawa zetu, angalau kwa jina. East African Airways ilikuwa ya nchi tatu, na jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 Kenya Airways ikazaliwa. Jeti zikaja, na Mombasa ikawa ni dakika 45 hivi. Tangu hapo, amini usiamini, safari ya ndege haijafupika. Ndege ya leo hairuki kwa kasi zaidi ya zile za wakati huo, na kwa safari fupi hivi nusu ya muda ni kupanda na kushuka tu. Miaka hamsini, dakika ni zile zile. Kilichobadilika ni nani anakaa kwenye kiti.

Na hapo lazima niwe mkweli. Wameongezeka. Mwaka 2014 Jambojet ilianza na bei za chini, na watu wengi wa kawaida walipanda ndege mara ya kwanza maishani. Nina marafiki waliopiga picha na bawa mpaka simu ikaisha chaji. Ukikata tiketi wiki kadhaa mapema unaweza kupata bei ya afadhali kabisa.

Lakini soma hiyo sentensi tena: wiki kadhaa mapema. Bei nafuu ni ya mtu anayejua kesho yake. Harusi, likizo, mkutano wa kazi. Kifo hakikati tiketi mapema. Mtoto akizidiwa usiku hakupi notisi ya siku 14. Yule ambaye shida imemshika leo ndiye anayelipa bei ya juu kuliko wote ndani ya ndege, na mara nyingi ndiye ana pesa kidogo kuliko wote.

SGR ilipunguza pengo, kisha

Mei 31, 2017 ikaja SGR. Kilomita 472 za reli mpya, masaa matano hivi badala ya 13, na ile treni ya zamani ya usiku ikazikwa mwaka huo huo. Watu wanaitukana SGR kwa sababu ya deni, na deni ni deni kweli, zaidi ya shilingi bilioni 300 kwa hiki kipande cha Mombasa hadi Nairobi peke yake. Mimi sitaitukana. Kwa mtazamo wa hii hesabu yangu, SGR ndiyo kitu cha kwanza baada ya karne nzima kilichorudisha muda kwa mtu wa kawaida. Daraja la kwanza na daraja la chini wanafika pamoja tena, kama enzi za Nyanya.

Ila nauli ilianza shilingi 700. Ikawa 1,000. Tangu Januari 2024 ni 1,500. Na stesheni zenyewe ziko Syokimau na Miritini, si mjini, kwa hivyo kabla hujafika Majengo umeshaongeza nauli na saa nyingine juu. Halafu viti vinaisha. Msimu wa Krismasi ukitafuta tiketi utadhani ni ya kwenda peponi.

Ukiweka hesabu yote ya mlango kwa mlango, inakuwa hivi. Mtu wa Umoja anayekwenda Majengo kwa ndege atatumia kama masaa manne, ukihesabu kufika uwanjani mapema na kutoka kule Changamwe. Kwa treni, saba au nane. Kwa basi, tisa hadi kumi na moja, kama Mungu na radieta wamekubali. Huo ndio umbali halisi kati ya Nairobi na Mombasa. Si mmoja, ni mitatu, na wako unategemea mfuko wako asubuhi hiyo.

Na usidhani ni Mombasa tu. Tangu mwaka 2022 tuna Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Juu unalipa unapaa. Chini ni Mombasa Road ile ile na jam ile ile. Ukikaa kwenye matatu hapo Bellevue saa kumi na mbili jioni, nguzo za barabara ya muda wa kununua ziko pembeni ya dirisha lako, unaweza kuzihesabu moja moja. Tena una muda wa kutosha wa kuzihesabu.

Ninachotaka

Wahenga walisema penye nia pana njia. Kwa heshima zote, siku ile mimi nilikuwa na nia na njia ilikuwepo, tena njia tatu. Nilichokosa ni nauli.

Sisemi ndege ziwe bure. Sisemi tubomoe Expressway, ingawa siku zingine moyo hunituma. Nasema tuache kuongea juu ya usafiri kama vile kazi yake ni kasi peke yake. Kila mradi ukizinduliwa tunaambiwa safari imepunguzwa kutoka masaa haya hadi haya. Swali la kuuliza kila mara ni: imepunguzwa kwa nani, na siku gani?

Na nina ombi moja dogo, halihitaji mkopo wa nchi yoyote. Kila treni ya abiria iache viti vichache, hata kumi tu, ambavyo haviuzwi mpaka asubuhi ya safari, kwa bei ile ile ya kawaida, kwa mtu mwenye msiba au mgonjwa. Kampuni za ndege zifanye hivyo na viti viwili. Uthibitisho utaletwa baadaye, watu wengi hawatasema uongo kwamba mama yao amekufa. Kule pwani jirani akifiwa watu wanachanga, wanapika, wanachimba kaburi, na hakuna anayemwambia mfiwa kwamba leo bei imepanda kwa sababu ni leo.

Mwaka huu mwezi wa nne nilienda Mombasa tena, kwa treni, nimekata tiketi mapema kama mtu mwenye akili. Nilibeba maembe ya Nairobi, yale ya sokoni Wakulima, kwa sababu ya utani tu. Mjomba alinicheka sana, akasema hayo maembe yametoka pwani yakapanda juu, sasa nimeyarudisha kwao. Alinipeleka makaburini. Tukasimama, tukasoma Fatiha, tukaondoa majani kidogo yaliyoota. Kutoka Umoja hadi pale miguuni pake ilinichukua masaa saba na dakika 40. Niliandika kwenye simu.

Wewe, muulize mtu mzima kwenu: mara ya kwanza alipokwenda Mombasa, au alipokuja Nairobi, ilimchukua muda gani na alikalia nini? Uliza mapema, wakati bado yuko.